Kovu Limepona, Lakini Vinini Visiachwe

Chakula na vitamini kwa mtu aliyepunguzwa kifuko cha tumbo

Leo ukurasa wetu unazungumza juu ya watu ambao hawasemwi sana. Ni wale waliopasuliwa tumbo na kupunguzwa kifuko cha chakula, kile waganga wanachokiita estoma.

Watu hao wako katikati yetu. Wengine ni wazee waliopasuliwa zamani juu ya vidonda vya tumbo. Wengine walikuwa na uvimbe mbaya, maana yake kansa. Na siku hizi wako wa namna ya tatu: watu waliokuwa wanene kupita kiasi, ambao waganga wa Ubelgiji, wa Afrika Kusini ao wa India waliwapunguza kifuko ili mwili upungue. Jamaa hao wanapokuja kutusalimia, tunawaona wamekonda, nguo zinawapwaya, na kila mtu anasema lake.

Watu wa namna hizi tatu hawakupasuliwa kwa sababu moja, lakini kuna jambo linalowaunganisha. Kovu la nje linafunga kwa majuma machache, lakini kifuko kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo mtu huyo anapaswa kula kwa namna nyingine, na kumeza vitamini maisha yake yote. Wengi wanafuata sheria hii mwaka wa kwanza. Kisha wanajisikia wazima, wanaacha vinini, na baada ya miaka miwili ao mitatu ugonjwa unaingia polepole bila kubisha mlango. Juu ya hatari hiyo tunaandika leo.

TUMBO NI KAMA KIWANDA CHA MAWE

Mtumikaji wa kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba ataelewa upesi. Jiwe linapotoka mgodini haliwi shaba palepale. Linapita kwanza kwenye mashine ya kuvunja, kisha kwenye kinu cha kusaga, kisha kwenye mabeseni yenye maji na dawa, na hapo shaba inashikwa. Kinachobaki ni matope ya kutupwa.

Chakula nacho ni vilevile. Meno ni mashine ya kuvunja. Kifuko ni kinu: kinasukasuka chakula na kukitilia asidi kali. Utumbo mwembamba ni mabeseni, maana hapo ndipo damu inashika nguvu ya chakula. Kinachobaki kinatoka nje.

Sasa tuseme wakubwa wa kiwanda wanaondoa sehemu kubwa ya kinu, ao wanaweka bomba jipya linaloruka beseni la kwanza. Mawe yatazidi kupita, lakini shaba nyingi itakwenda pamoja na matope. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyepunguzwa kifuko. Anakula kidogo, na hata hicho kidogo mwili haukishiki chote. Sahani inaweza kuwa na chakula kizuri, na damu ikabaki na njaa.

UPASUAJI HUU ULITOKA WAPI?

Mwaka 1881, katika mji wa Vienna, mpasuaji Theodor Billroth alikata kipande cha kifuko cha mama mmoja mwenye kansa, akaunga kilichobaki na utumbo. Tangu hapo waganga wa nchi nyingi walifuata njia hiyo, na kwa miaka mingi waliitumia pia kwa vidonda vya tumbo. Leo vidonda vingi havipasuliwi tena. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha katika miaka ya 1980 ya kama vidonda vingi vya kifuko vinaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, naye anauawa kwa vinini. Mwaka 2005 walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo.

Lakini wale waliokatwa kifuko juu ya vidonda waliwafundisha waganga jambo. Walikuwa wanakonda, na kunenepa tena kuliwashinda. Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, aliona jambo hilo akajiuliza kama linaweza kumsaidia mtu mnene anayeugua kwa unene wake. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Chikashi Ito walianza kupasua kwa njia hiyo. Basi mzee wa kambi aliyepasuliwa juu ya kidonda, na jamaa aliyepasuliwa Ubelgiji juu ya unene, ni ndugu wa ukoo mmoja wa upasuaji.

Siku hizi namna mbili zinatumiwa zaidi. Katika ya kwanza, mpasuaji anaondoa karibu robo tatu ya kifuko ao zaidi, na kinachobaki ni bomba jembamba kama mkono wa shati. Katika ya pili, anatenga kifuko kidogo kinachochukua karibu mililita 30 tu, sawa na vijiko viwili vikubwa, kisha anakiunga na utumbo wa chini zaidi, na chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo. Kuruka huko kunaongeza upungufu wa chuma, wa kalsiamu na wa vitamini.

Upasuaji huu si wa urembo. Waganga wanapima hivi: wanachukua kilo za mtu, wanazigawanya kwa urefu wake wa metre, kisha wanagawanya tena kwa urefu uleule. Mtu wa kilo 120 na urefu wa metre 1.70 anapata karibu 41.5. Kuanzia 30 ni unene wa ugonjwa. Kwa miaka mingi sheria ya waganga ilikuwa kupasua kuanzia 40, ao kuanzia 35 kama mtu ana ugonjwa wa sukari, wa presha ao mwingine unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha vipimo hivyo: 35, ao 30 kwa mwenye ugonjwa kama ule wa sukari. Kwetu, tumbo kubwa lilikuwa alama ya cheo na ya mshahara mzuri. Lakini moyo, magoti na figo havijui cheo.

VITU VITANO VINAVYOPUNGUA

1. Protini. Ndiyo inayojenga nyama ya mwili na kufunga kidonda. Ikipungua, nywele zinaanguka, mikono inalegea, na miguu inaweza kuvimba. Mtu aliyepasuliwa anahitaji walau gramu 60 kwa siku.

2. Chuma. Bila chuma damu inapungua. Mtu anachoka akipanda ngazi, moyo unapiga haraka, midomo ya ndani inakuwa myeupe, na wengine wanapata hamu ya kula udongo. Asidi ya kifuko ndiyo iliyokuwa inasaidia mwili kushika chuma, na sasa asidi imepungua. Kwa wanawake hatari ni kubwa zaidi juu ya damu ya kila mwezi. Na kwetu malaria na minyoo inayonyonya damu vinaongeza mzigo huo.

3. Vitamini B12. Hii ndiyo yenye ujanja kuliko zote. Ili mwili uishike, kifuko chenyewe kinapaswa kutoa kitu fulani cha kuisindikiza mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Kifuko kikikatwa, msindikizaji anapungua ao anakosekana kabisa. Lakini ini lina akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Ndiyo maana aliyeacha dawa anatembea mzima mwaka wa kwanza, na wa pili, akijisifu ya kama haihitaji. Akiba inapokwisha, vidole vya miguu vinaanza kufa ganzi, anatembea kama mtu anayekanyaga pamba, ulimi unakuwa mwekundu na laini, akili inasahau, na damu inapungua. Akichelewa kutibiwa, damu itarudi, lakini mishipa ya fahamu inaweza isirudi kama zamani.

4. Kalsiamu na vitamini D. Ni kazi ya mifupa. Upungufu wake hauonekani upesi. Mwili unakopa kalsiamu kutoka mifupani, mwaka baada ya mwaka, mpaka mfupa unavunjika kwa kuanguka kudogo. Jua linaupa mwili vitamini D, lakini anayeshinda chini ya ardhi ao anayefanya kazi usiku na kulala mchana anapata jua kidogo.

5. Vitamini B1. Mwili hauna akiba yake kubwa: majuma mawili ao matatu tu, imekwisha. Juu yake tunaandika sehemu ya pekee, maana hii inaweza kuua ao kuharibu akili kwa siku chache.

HATARI YA KUTAPIKA NA SERUMU YA SUKARI

Tuseme baba mmoja amepasuliwa kifuko miezi miwili iliyopita. Anaanza kutapika. Anatapika juma zima, hata uji haukai. Mke wake anampeleka kwenye zahanati ndogo ya karibu. Muganga wa pale anaona mtu amekauka na hana nguvu, anamtundikia serumu ya sukari. Familia inafurahi, maana kwetu mtu akitundikiwa serumu tunasema ametibiwa. Lakini kesho yake mgonjwa anaona vitu viwiliviwili, macho yanachezacheza, anayumba akisimama, anasema maneno yasiyo na mpango. Jirani mmoja anasema amekunywa. Mwingine anasema amelogwa.

Hakunywa wala hakulogwa. Ili mwili utumie sukari unahitaji vitamini B1. Mtu aliyetapika siku nyingi hana B1 tena. Ukimwingizia sukari peke yake, ile kidogo iliyobaki inakwisha palepale, na ubongo unaumia.

Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1881, mwaka uleule wa upasuaji wa Billroth. Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza alikuwa msichana mshonaji aliyekunywa asidi sulfuriki, asidi ileile inayojulikana katika viwanda vyetu vya shaba. Kifuko chake kiliungua, akawa anatapika bila kukoma, kisha macho yakaharibika na akili ikachanganyika. Wakati ule hakuna aliyejua vitamini ni nini. Sisi leo tunajua, na dawa yake si ya bei kali: ni sindano za vitamini B1.

Kwa hiyo mama wa nyumba, kariri maneno haya, na uyaseme bila haya mbele ya muganga yeyote: «Mgonjwa huyu alipunguzwa kifuko cha chakula. Ametapika siku kadhaa. Tunaomba apewe vitamini B1 ya sindano kabla ya serumu ya sukari ao pamoja nayo.» Hatusemi ya kama sukari ni sumu. Kama sukari ya damu imeshuka sana, muganga ataitoa upesi, na B1 pamoja nayo. Tunachokataza ni sukari peke yake.

Kutapika kupita siku mbili si jambo la kungojea nyumbani. Kunaweza pia kuonyesha ya kama njia ya chakula imeziba. Nenda hospitali kubwa, kwa mpasuaji.

NAMNA YA KULA

Baada ya upasuaji mtu anaanza na vitu vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya majuma kadhaa anarudia chakula cha kawaida. Mpasuaji ndiye anayepanga siku. Usiruke hatua kwa sababu jamaa wamekupikia kuku.

Kisha sheria ni hizi:

Kula kidogo, mara tano ao sita kwa siku. Kifuko kidogo hakijui sikukuu.

Anza na protini. Samaki, yai, nyama laini ao maharagi kwanza, kisha mboga, na bukari mwisho kama nafasi ingalipo. Hili ni gumu kwetu, maana tumezoea ya kama aliyekosa bukari hakula. Lakini bukari ya mihogo haina protini ya maana, na ikijaza kifuko kidogo hakuna nafasi ya kitu kingine.

Tafuna mpaka chakula kiwe uji. Meno sasa yanafanya kazi ya kinu.

Usinywe maji pamoja na chakula. Ngoja nusu saa. Lakini kati ya mlo na mlo kunywa kidogo kidogo kutwa nzima. Kwa anayetumika penye joto, chupa ya maji isiwe mbali naye, maana hawezi tena kunywa kopo zima mara moja, na kukauka kunamwangusha upesi.

Acha sukre, bonbon na chai ya sukari nyingi. Sukari ikiteremka haraka utumboni, mtu anatoka jasho, moyo unapiga, tumbo linauma, anaharisha. Na baada ya saa moja mpaka tatu sukari ya damu inaweza kushuka: anatetemeka, anaona giza. Mtu wa namna hiyo akiwa juu ya ngazi, kwenye usukani wa lori ao karibu na mkanda unaobeba mawe, ni ajali inayongojea. Akisikia dalili hizo asimamishe kazi, akae chini, na kumjulisha mkubwa wake wa kazi.

Pombe. Kwa mtu aliyepunguzwa kifuko pombe inaingia damuni haraka kuliko zamani, na inakaa zaidi. Chupa moja inaweza kumfanyia yale ambayo zamani yalifanywa na chupa mbili. Tena pombe inakula vitamini B1. Aliye kwenye zamu asiiguse kabisa. Na wewe rafiki, usimlazimishe mwenzako kunywa siku ya mshahara.

SOKO LETU LINA NINI?

Msidhani ya kama mtu aliyepasuliwa anahitaji chakula cha Wazungu. Soko la Lubumbashi, la Likasi ao la Kolwezi lina vitu vizuri.

Ndakala na samaki wengine wadogo wanaokaushwa wana protini nyingi, na kwa kuwa wanaliwa pamoja na mifupa yao, wanatoa kalsiamu pia. Waloweke kwanza kupunguza chumvi, kisha uwapike mpaka walainike, ao uwasage unga na kuutia ndani ya mboga.

Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Maharagi na karanga vina protini na vitamini B1. Maharagi yapikwe sana na kupondwa. Karanga zisagwe. Viwavi vya pori vina protini nyingi, lakini ngozi yao ni ngumu, basi tafuna sana ao usage.

Ini la ng'ombe ao la kuku lina chuma na B12. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Boston walionyesha ya kama wagonjwa wa namna moja ya ukosefu wa damu, waliokuwa wanakufa, wanapona kwa kula ini kila siku. Baadaye, mwaka 1948, wanakemia walipata B12 yenyewe ndani ya ini. Lakini kumbuka msindikizaji: mtu aliyekatwa kifuko hawezi kutegemea ini tu. Anahitaji vinini vyenye B12 nyingi ao sindano. Na mama mwenye mimba asile ini mara nyingi, maana vitamini A yake ikizidi inamdhuru mtoto.

Sombe, lengalenga na matembele ni mboga nzuri sana. Lakini chuma cha majani hakishikwi vizuri kama kile cha nyama na samaki. Kuyasaidia, kula chungwa ao tia ndimu. Na chai ao kahawa zikae mbali na chakula hicho walau saa moja, maana zinazuia chuma.

Mafuta mekundu ya mawese yana vitamini A kwa watu wote wa nyumba. Kwa aliyepasuliwa yatiwe kidogo, maana mafuta mengi yanaweza kumharisha.

Hii ni siku moja ya mfano kwa mtu aliyekwisha kurudia chakula cha kawaida. Asubuhi: yai moja na uji mwepesi. Saa nne: kopo la maziwa, kidogo kidogo. Mchana: samaki wa gramu 100, kijiko cha sombe, tonge mbili za bukari. Saa kumi: yai la kuchemsha ao karanga zilizosagwa. Jioni: maharagi yaliyopondwa nusu kikombe, na kipande cha kuku kama gramu 75. Ukijumlisha, umepita gramu 60 za protini, na hukula chakula cha hoteli.

VINININI VYA KILA SIKU

Hata mwenye kula vizuri namna hiyo hawezi kuacha vitamini. Vipimo vinavyopendekezwa na waganga wa Marekani kwa waliopunguzwa kifuko juu ya unene ni hivi, na daktari wako anaweza kuvibadilisha kwa kufuata damu yako:

Kinini cha vitamini nyingi pamoja: kila siku.

Vitamini B1: walau miligrama 12 kwa siku, na bora 50.

Vitamini B12: mikrograma 350 mpaka 1000 kila siku kwa mdomo, ao sindano ya mikrograma 1000 kila mwezi.

Chuma: miligrama 18 kwa mwanaume asiye na hatari kubwa, miligrama 45 mpaka 60 kwa mwanamke anayeona damu ya mwezi na kwa aliyerukwa sehemu ya utumbo.

Kalsiamu: miligrama 1200 mpaka 1500 kwa siku, zigawanywe mara mbili ao tatu.

Vitamini D: yuniti 3000 kwa siku.

Angalieni jambo moja: chuma na kalsiamu vinagombana. Ukivimeza pamoja, kimoja kinamzuia mwenzake. Viache vikae mbali kwa saa mbili ao zaidi. Mfano: chuma asubuhi pamoja na maji ya chungwa, kalsiamu mchana na jioni.

Mzee aliyekatwa kifuko zamani juu ya kidonda ao kansa, naye sheria ya B12 inamhusu. Kama aliondolewa kifuko chote, sindano za B12 ni za maisha. Kama hajapimwa damu kwa miaka mingi, aje. Hatutamgombeza. Tutamtoa damu kidogo na kuangalia.

Aliyepasuliwa juu ya unene apimwe damu mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka, hata kama anajisikia mzima kama chuma cha reli. Mtu wa mashine hangojei mashine ivunjike ndipo aipime mafuta.

MAMBO YA KUJIEPUSHA

Msinunue sokoni dawa za kunenepesha kwa ajili ya ndugu aliyekonda. Watu wanamwonea huruma, wanamletea vinini vya kuongeza mashavu. Nyingine katika dawa hizo zinapandisha sukari ya damu na presha, na zinaweza kutoboa kifuko. Mtu huyo anahitaji protini na vitamini zake. Mashavu si kipimo cha afya.

Vilevile dawa za maumivu za namna ya aspirini na ibuprofeni zisitumiwe bila daktari. Zinaleta vidonda penye mshono wa ndani.

Mama aliyepasuliwa asipate mimba kabla ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu kupita, maana mwili unaokonda haraka hauna akiba ya kumpa mtoto. Vinini vya kupanga uzazi vinaweza kukosa nguvu baada ya upasuaji, basi aulize juu ya njia nyingine. Akishika mimba, aseme mapema ya kama alipasuliwa, ili vitamini zake zibadilishwe.

KAZI YA FAMILIA

Aliyepunguzwa kifuko hali peke yake. Anakula kwenye sahani ya nyumba, na kwetu sahani ni ya wote. Basi mpikieni samaki wake kwanza, mpeni sahani yake ndogo, na msikasirike akiacha. Mgeni anayekataa kuongezwa bukari hakudharau chakula cha mama. Watoto nao wafundishwe ya kama baba akiyumba, akiona vitu viwiliviwili, ao akisema ovyo, waite watu wazima mara moja.

Andikeni kwenye karatasi: jina la upasuaji, mwaka, hospitali, na dawa anazomeza. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya kazi, mfukoni. Siku mwenyewe hawezi kusema, karatasi itasema.

Tunajua ya kama vitamini ni gharama, na ya kama si kila duka la dawa linazo. Ndugu anayerudi kutoka ng'ambo alete akiba ya miezi kadhaa. Aliye hapa asingojee chupa iwe tupu. Na kama fedha ni chache, msichague wenyewe cha kuacha. Njoni tuulizane, maana B1 na B12 hazingoji.

Tukumbuke kwa kifupi:

— Protini kwanza, bukari mwisho.
— Maji mbali na chakula, lakini kutwa nzima.
— Chuma na kalsiamu visikutane.
— Kutapika kupita siku mbili: hospitali, na B1 pamoja na serumu.
— Sindano ao vinini vya B12: bila mwisho.
— Damu ipimwe kila mwaka.

Mlinzi wa usiku halali kwa sababu mwezi uliopita hakukuwa na mwizi. Aliyepasuliwa naye asiache vinini kwa sababu mwaka uliopita hakuugua. Ukimjua mmoja wa namna hiyo katika karakana yako ao katika njia ya nyumba yenu, msomee ukurasa huu jioni ya leo, kisha umuulize: mara ya mwisho ulipimwa damu lini?